Barua kwa mwanangu: wasifu wa mtu asiyekuwa na vyeo

Mwanangu,

Poleni tena, wewe na mwenzio na watoto. Swali lako la jana usiku nimelisoma mara mbili. Ukoo umekubaliana wewe ndiye uandike na kusoma wasifu wa marehemu baba mkwe wako siku ya mazishi, una siku nne, umepewa dakika tano, na kila ukikaa kuandika unaishia kwenye "alikuwa baba mwema, aliipenda familia yake na wajukuu wake". Unauliza utapata wapi maneno juu ya mtu ambaye hakuwa na cheo wala hakutafuta jina nje ya nyumba yake.

Mambo yapo mengi, ila hayako kwenye karatasi. Mwenye vyeo huacha vyeti na barua za uteuzi, unanakili tu. Mtu wa familia huacha mazoea, na mazoea hayaandikwi popote. Yamo vichwani mwa watu, kila mmoja na kipande chake, na wengi wao hawajui kwamba walicho nacho ni kitu. Kwa hiyo siku mbili za kwanza usiandike. Kusanya. Kuandika kwenyewe ni kazi ya jioni moja.

Katika kukusanya, usimwulize mtu "alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo huzaa sifa tu: mpole, mchapakazi, mwenye upendo. Zinamfaa kila marehemu aliyewahi kuzikwa. Uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa ila kwa tendo au kitu. Akirudi jioni alianza na nini? Kitu gani nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kukigusa? Mtu akichelewa alikuwa akisema nini, kwa maneno yake hasa? Kitu kikiharibika alikitengeneza mwenyewe, na kilipona? Mikono yake ikikosa kazi ilikuwa ikifanya nini? Ukipewa sifa, fuatisha na "kwa mfano?" halafu nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Wengi hukimbilia kulijaza lile pengo la ukimya, kumbe jibu lenyewe huja sekunde ya saba au ya nane.

Zungumza na watoto wake mmoja mmoja, wasiwe pamoja. Wakiwa pamoja, mkubwa husimulia na wengine huitikia. Mzaliwa wa kwanza na kitinda mimba watakupa baba wawili tofauti: mmoja alilelewa na kijana mkali aliyekuwa bado anahangaika, mwingine na mzee aliyekwisha tulia. Usitafute nani anasema kweli. Weka miaka kando ya kila simulizi, utaona mtu huyohuyo akibadilika, na hapo ndipo wasifu unapopata mwendo. Tafuta pia ndugu yake aliyebaki, kwa ajili ya utoto wake, na mtu mmoja aliyefanya naye kazi. Watano au sita wanatosha. Ukifika kumi utaanza kusikia yaleyale.

Mama mkwe wako usimwekee ratiba. Kaa karibu naye anapokuwa ametulia, na kama anataka kuzungumza, mwulize jambo moja dogo: asubuhi nani kati yenu alikuwa akiamka kwanza? Swali hilo hufungua nyumba nzima. Akichoka, acha. Hakuna tarehe inayostahili kumkamua mjane.

Omba ruhusa kisha rekodi kwa simu. Izime mawasiliano kwanza, kwa sababu simu ikiingia katikati, baadhi ya programu hukata kurekodi bila kukuambia. Iweke juu ya kitambaa, si juu ya meza tupu, maana meza hubeba kila kidole kinapoigonga, na iwe shibiri moja na nusu kutoka mdomoni. Zima feni. Jaribu sekunde kumi, usikilize, ndipo uanze. Nusu saa kwa mtu mmoja inatosha. Ukimaliza, lipe faili jina la mtu na tarehe papo hapo. Ukiahirisha utakuwa na mafaili sita yenye namba tu.

Sasa tarehe. Hapa ndipo wasifu mwingi huaibika mbele ya watu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Omba cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti kama alikuwa nayo, cheti cha ndoa, vyeti vya shule na barua ya ajira. Zikipingana, na zitapingana, amini hati iliyoandikwa karibu zaidi na tukio lenyewe. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mtu akiwa na miaka arobaini ni maelezo yake tu yaliyopigwa mhuri. Angalia kilitolewa lini. Ukikuta amezaliwa 1 Januari, shuku kidogo. Ndiyo siku ambayo mara nyingi hujazwa pale mwaka unapojulikana na siku haijulikani. Kama huna uhakika, andika mwaka peke yake, hakuna atakayekulaumu.

Kisha umri. Kutoa mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa kufa hakutoshi. Aliyezaliwa 12 Novemba 1944 akafariki 3 Machi 2024 hakufikisha miaka 80. Alikuwa na 79, kwa kuwa Novemba haikuwa imefika. Miaka ya ndoa inahesabiwa vivyo hivyo, na mjane anaijua mpaka siku. Ukikosea pale atasikia.

Hesabu ya walioachwa ifanye kwa jedwali, si kwa kichwa. Mstari mmoja kwa kila mtoto wake: jina, wajukuu waliotoka kwake walio hai, waliotangulia, vitukuu. Mtumie kila mmoja mstari wake peke yake authibitishe. Usiutupe wote kwenye kundi la familia. Utazua ubishi wa siku nzima juu ya herufi moja. Makosa ya kawaida ni matatu: mjukuu aliyelelewa na babu huhesabiwa mara mbili, kama mtoto na kama mjukuu, mtoto aliyefariki mdogo husahaulika, na mama yake huondoka na kidonda kipya, na aliyelelewa bila kuzaliwa na marehemu huachwa nje. Sentensi kama "ameacha watoto sita, na wajukuu kumi na mmoja, watatu kati yao akiwalea mwenyewe" inawabeba waliolelewa bila kuwahesabu mara mbili. Wajukuu wakizidi sita taja idadi tu. Majina yao yaende kwenye kijitabu cha mazishi.

Kuna jambo ambalo huenda likajitokeza, nawe usilikimbie: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, au ndoa ya kwanza isiyozungumzwa. Si wewe wa kuamua, wewe ni mkwe. Lipeleke kwa mama mkwe wako na mtoto mkubwa, faraghani, mapema, upate jibu moja. Kama ningeulizwa, ningesema watoto wote wahesabiwe, kwa sababu anayefutwa huwa amekaa pale pale akisikiliza. Lakini mjane asisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwenye kipaza sauti. Chanzo cha kifo nacho kiulize. Wengi huridhika na "aliugua kwa muda", na huna haja ya kuongeza.

Ukishakusanya, tenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Wasifu wa kijitabu husomwa kimya: uanze na kuzaliwa, ufuate miaka, ubebe majina na tarehe zote, maneno 600 hivi. Utakaousoma kwa sauti ni mwingine. Ukisoma ule wa kijitabu mbele ya watu, wataanza kufuata kwa vidole na kukutangulia, na hakuna atakayekusikiliza.

Wa kusoma uwe na maneno 450. Maneno yetu ni marefu, na mtu mwenye majonzi akisoma ipasavyo huenda kama 90 kwa dakika. Yagawe hivi kwa makadirio: 60 ya kufungulia, 70 kwa kuzaliwa, wazazi na shule, 60 kwa kazi, 110 kwa ndoa na watoto, 100 kwa wajukuu, 20 kwa ugonjwa, 30 kwa walioachwa. Rasimu nyingi huharibika kwa kuwa nusu nzima imeliwa na shule na kazi, kisa ndizo zilizokuwa na vyeti. Kazi yake itaje kupitia nyumba: aliondoka saa ngapi, akarudi saa ngapi, alirudi na nini mkononi, ada ilipatikana vipi mwaka ule kazi ilipokatika.

Maneno 60 ya kufungulia usiyatumie kwa "tumekusanyika hapa leo". Yatumie kwa tendo lake moja ambalo kila aliyemo mle atalitambua kabla hujataja jina. Nakupa mfano wa kutunga uone tofauti. Mtu ameandika: "Alikuwa baba mwenye upendo aliyewajali watoto wake." Hakuna anayebisha, na hakuna atakayekumbuka. Sasa huu: "Kila Jumapili usiku alikuwa akipanga viatu vya shule mstari mmoja kando ya mlango, akivipiga rangi kimoja kimoja, vya kitinda mimba akivimalizia, maana ndivyo vilivyokuwa na mikwaruzo mingi." Neno upendo halimo. Tazama vilevile ni nini kinachoibeba sentensi hiyo: siku, mahali, mpangilio, na sababu. Sababu ndiyo wengi huisahau. Bila ile mikwaruzo, ni mtu anayepaka rangi viatu tu.

Sehemu ya wajukuu ndiyo rahisi kuharibu, kwa kuwa kila mtu huandika kwamba aliwadekeza. Babu ni yuleyule baba, ila masharti yamebadilika, na palipobadilika ndipo penye habari. Waulize watoto wake: jambo gani alilokukataza wewe akamruhusu mwanao? Jibu hilo huwa limebebwa miaka mingi pamoja na kicheko, na ndilo litakalowapa watu nafasi ya kucheka mara moja. Mara moja inatosha. Chagua wajukuu wawili au watatu kutoka nyumba tofauti. Ukichukua wote kutoka nyumba moja, hata kama hadithi zao ni nzuri zaidi, utasikia habari zake miaka mitano ijayo. Wadogo chini ya miaka sita wape karatasi wachore babu akifanya nini. Utashangaa mkono umeshika kitu gani. Wakubwa waandikie ujumbe mfupi, kwa maana vijana huandika wasichoweza kusema. Na watoto wako wasiambiwe babu amelala. Waambie amekufa, kwa neno hilohilo, vinginevyo kulala kwenyewe kutaanza kuwatisha.

Mfano mwingine wa kutunga: "Kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati lake haikuwa ya kuandikia. Ilikuwa ya kupimia wajukuu kwenye mwimo wa mlango, na alama ya mwisho iko chini ya kitasa." Ishia hapo. Usiongeze kwamba mjukuu huyo hatamwona tena babu yake. Watu wamekwisha kuelewa, na ukieleza unawanyang'anya.

Angalia vitenzi vyako. Kwa mazoea tumia "alikuwa akiamka". Ukisema "huamka", msikilizaji anamwona yu hai na anashtuka. Ukisema "aliamka alfajiri", anadhani ni asubuhi moja. Tendo la mara moja ndilo lichukue "aliamka, akavaa, akatoka". "Marehemu" litumie mara moja au mbili, kisha mwite kwa jina, au kwa jina walilomwita wajukuu. Halafu pitia rasimu uhesabu sentensi zinazoanza na "nili-". Zikizidi tano, umeanza kusimulia habari zako.

Usiandike kwamba hakuwahi kugombana na mtu. Aliyegombana naye amekaa safu ya tatu. Kasoro moja ndogo, ile ambayo nyumba nzima huitania, humfanya mtu aaminike kuliko sifa kumi. Pengine hakukubali kamwe kuuliza njia, au alitunza kila msumari uliopinda. Ipime kwa mama mkwe wako: akitabasamu, iache, akinyamaza, ifute. Kasoro kubwa hazina nafasi pale, wala madeni ya kifamilia.

Rasimu ikiisha isome kwa sauti ukiwa umesimama, kwa saa. Utagundua mambo mawili. Kwanza, sentensi zinazokukata pumzi, zivunje. Pili, mahali sauti inapokatika, na huwa ni palepale kila mara. Weka mstari mwekundu kabla ya hapo. Siku yenyewe ukifika kwenye mstari huo simama kabla hujalia, toa pumzi yote polepole, maji kidogo yasiyo ya baridi, kisha endelea. Kusimama sekunde tano kwako ni kama dakika. Kwa waliokaa ni pumzi tu. Kidole kiwe kwenye mstari unaosoma, maana machozi huficha herufi na watu wengi hupotea hapo, si kwa huzuni.

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16 au 18, nafasi ya mstari mmoja na nusu, upande mmoja wa karatasi, namba za kurasa juu, na theluthi ya chini ya ukurasa iwe tupu ili usiinamishe kichwa mpaka sauti ikaingia kifuani. Sentensi isikatike kati ya ukurasa na ukurasa. Usisomee kwenye simu: itazimika, au itaita. Mdomo na kipaza sauti viachane shibiri moja, na karatasi isikae katikati yake. Nakala ya pili mpe mtu aliyekwisha kuisoma kwa sauti walau mara moja, akae karibu. Ukishindwa, anasimama pembeni yako na kuendelea pale ulipo na kidole.

Picha ya kijitabu: uliza ni ipi anayoonekana kama alivyokuwa, si aliyopendeza. Picha za mwisho za ugonjwa ziacheni. Ili itoke vizuri kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, inahitaji pikseli kama 1200 kwa 1800. Iliyopitishwa kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa, kwa hiyo mwombe aliye nayo aitume kama faili. Picha ya karatasi ipigwe karibu na dirisha lenye kivuli, bila mwanga wa simu, simu ikiwa sambamba nayo kabisa. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiivute, itabaki nusu. Ipige ikiwa palepale, kwa mshazari kidogo kama kioo kinang'aa. Iliyonaswa kwenye gundi ya albamu pitishia uzi wa meno chini yake taratibu. Nyuma ya kila moja andika majina kuanzia kushoto, kwa penseli laini kandokando. Kalamu ya wino huacha mchoro upande wa uso.

Na simu yake. Zimeni tamaa ya kubahatisha namba ya siri; baadhi ya simu zimewekwa zifute kila kitu ukikosea mara kumi. Laini isifungwe haraka, kwa sababu akaunti zake nyingine hutuma namba za kuthibitisha humo. Sauti yake ikusanyeni kutoka kwa wengine: kila aliyewahi kupokea ujumbe wake wa sauti auhifadhi leo na kuutuma kwa mtu mmoja. Wekeni nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja katika nyumba nyingine. Ule wa kawaida kabisa, anaouliza kama mmefika salama, ndio watoto watakaoutaka.

Kwenye tangazo la mtandaoni usiweke namba ya kitambulisho, wala tarehe kamili ya kuzaliwa pamoja na majina ya wazazi wake. Wapo wanaosoma matangazo ya misiba ili kuiba taarifa hizo tu.

Nitumie rasimu keshokutwa jioni jinsi ilivyo, hata kama ina mashimo, usiipambe kwanza. Tarehe ambazo bado hamjazithibitisha zipigie mstari. Na kile kitu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, ukishajua ni nini, mwambie mwenzio akiweke pembeni kabla watu hawajaanza kupanga vyumba.

Mama yako